Disemba ya Dazeni

Mwalimu Maryanne hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Ungemkanyaga kidole pale sokoni Kitengela, yeye ndiye angekuomba radhi. Lakini ukitamka mbele yake kwamba dazeni ni "kama kumi hivi", basi umejitakia mwenyewe. Angekuketisha, avue miwani, aifute kwa ncha ya leso, kisha aanze safari ndefu ya kwenda Roma. Angekueleza kwamba Warumi walisema duodecim, yaani mbili na kumi. Kwamba Wafaransa walilitafuna neno hilo hadi likabaki douze, wakaliunga mkia likawa douzaine, kundi la vitu kumi na viwili. Kwamba Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wakalikata likawa dozen, na wenye maduka wa huku kwetu wakalipokea kutoka kwa Waingereza wakaliita dazeni, na hivyo ndivyo lilivyofika kwenye boksi la vikombe. Na kama bado hujakimbia, angekushika mkono na kukuonyesha kwa nini wafanyabiashara wa zamani waliipenda hesabu hiyo: pitisha dole gumba kwenye pingili za vile vidole vingine vinne, utapata kumi na mbili kamili.

"Haipungui wala haizidi," angerudia, kana kwamba wewe ndiye uliyekuja kuipunguza.

Alikuwa amefundisha Kiingereza maisha yake yote na sasa amestaafu, lakini mdomo wake haukupewa taarifa. Wenzake walikuwa wamezoea. Nthenya, mwoka mikate ambaye aliwahi kukaa darasani mwake akiwa msichana, alikuwa akifumba macho mara tu miwani inapovuliwa. "Mniamshe tukifika Kitengela," angesema, na wengine wangecheka hadi chai imwagike.

Kikundi chao walikiita Dazeni, na jina alilitoa nani kama si yeye. Walikuwa wanawake kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na mwezi wake. Mwezi wako ukifika, wenzako wanakuja kwako Jumamosi na njaa zao, unawapikia, mnaongea mpaka jua liinamie upande wa Ngong. Hiyo ndiyo sehemu ya raha. Sehemu yenye maana ni kwamba mmoja wao akijifungua au akifiwa, wote huenda, mwezi uwe wa nani: wakachota maji, wakafua, wakapika, wakambeba mtoto ili mama alale. Kitengela ni mji wa watu waliotoka kwingine. Mageti ni marefu na kila mtu ana haraka ya Nairobi, na mwanamke anaweza kuzaa nyumba ya tatu kutoka kwako ukaja kumjua mtoto akiwa tayari anakimbiza kuku. Kwa wanawake wale, Dazeni ilikuwa mama, shangazi na dada.

Kilichowachekesha wapita njia ni kwamba kikundi hicho chenye jina la hesabu hakikuwa kikihesabiwa. Ruth, aliyeolewa Kitengela lakini mwenyeji wa Bisil, Mmaasai wa kumwona tu ukajua, alikataa tangu siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameanza kuwaelekezea kidole, moja, mbili, Ruth akaufunika uso kwa shuka.

"Mwalimu, wacha. Kwetu watu hawahesabiwi. Hata ng'ombe. Unataka tukufe?"

"Sasa nitajuaje kama wote mko?"

"Si uangalie nani hayuko."

Basi ikawa hivyo. Walikaa, wakatazamana, wakauliza nani hayupo, wakaanza kula.

Disemba ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe. Siku ya kugawana miezi alisimama akasema kuwa yeye kama mwenyekiti angechukua wa mwisho, na wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Ilichukua muda wenzake kung'amua. Disemba Kitengela haina watu. Shule zikifungwa, mabegi yanapakiwa, mageti yanatiwa kufuli, na kila mtu anaelekea nyumbani kwao: Machakos, Kisii, Nyeri, Bisil. Hakuna aliyewahi kula chakula cha Disemba. "Mwalimu alitupiga chenga," Nthenya alikuwa akisema. "Alichukua mwezi wa sahani safi." Na Mwalimu alikuwa akicheka pamoja nao, kisha naye anafunga begi, anawaaga, anasema anakwenda Bungoma kwa wakwe zake.

Bungoma hakuwa akienda. Mumewe alipokufa, shemeji zake walimweka mmoja wao katika ile nyumba aliyoijenga yeye na marehemu, wakamwambia karibu wakati wowote. Alikwenda mara moja, akalala kwenye kiti cha sebuleni, asubuhi akaulizwa anaondoka lini. Hakurudi tena. Mwanawe wa pekee yuko Kanada, hupiga simu siku ya Krismasi, wanaongea, simu inakatika. Kwa hiyo kila Disemba Mwalimu Maryanne alijaza mito ya kochi ndani ya begi ili lionekane zito, akapanda gari mbele ya macho ya watu, akashuka Athi River, mji wa jirani tu, akanywa soda, akarudi amejitanda leso hadi puani. Kisha alivuta mapazia na kujificha nyumbani kwake mwenyewe hadi Januari, kama mwizi anayejiibia. Ni ujinga, ndiyo, na yeye alijua ni ujinga. Lakini ukishadanganya Disemba ya kwanza, ya pili inakudai, na yeye alikuwa mwalimu wa watu, mwenye jibu la kila swali. Kuonekana hana pa kwenda kulimtia hofu kuliko njaa.

Sasa njooni Oktoba iliyopita, mwezi wa Nthenya.

Walikuwa wamekaa kwake, nyumba nzima inanukia mkate, wakati Nthenya alipoingia kutoka nje amemshika mkono mwanamke mgeni, kijana, mrefu, amevaa jilbabu ya kijani na tumbo limeshatangulia.

"Huyu ni Fosiya," Nthenya alisema. "Bibi ya Haibe, yule wa duka la kule nyuma ya steji ya lori za mawe. Nampelekeanga mkate. Nimemleta awe mtu wetu."

Mwalimu alikiweka kikombe chini. Alimfahamu. Duka lile alikuwa amelichagua kwa makusudi, kwa sababu liko mbali na alidhani hakuna mwana-Dazeni anayepita huko. Tena ndilo duka pekee linalokuwa wazi siku ya Krismasi. Krismasi iliyopita alikuwa amesimama mbele ya zile nondo za dirisha, leso puani, akanunua maziwa na kiberiti, na mwanamke huyuhuyu ndiye aliyempa chenji na kumwambia sikukuu njema.

Fosiya alizunguka akiwasalimu wote kwa mkono. Ruth alimsalimu Kimaasai, "Takwenya," naye akajibu "Iko" vizuri kabisa, wakafurahi. Alipofika kwa Mwalimu aliinama kidogo.

"Wewe ndio Mwalimu. Nimesikianga jina tu. Nimefurahi kukujua."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Mwalimu alimtazama usoni akitafuta kejeli, asiione, akaogopa zaidi.

"Karibu kama mgeni," alisema. "Lakini kuwa mtu wetu, hapo itakuwa ngumu. Hiki kikundi ni dazeni. Na dazeni, kama wengi wenu mnavyojua," na mkono ukaenda kwenye miwani.

"Wooi, Roma!" mtu alilalama kutoka jikoni.

"Hapana, Mwalimu, leo twende Uingereza," alisema Nthenya. "Si ni wewe ulitufundisha habari ya waoka mikate? Ati zamani sheria ilikuwa kali, mkate ukipatikana mwepesi unashtakiwa. So mtu akinunua dazeni wanampatia kumi na tatu ndio wakae salama. Na bado inaitwa dazeni. Mimi ni mwoka mikate. Hii nyumba ni yangu. Leo naongeza."

Walishangilia. Mwalimu alijikaza.

"Hiyo ni dazeni ya waoka mikate. Sisi si mikate."

"Ruth ni mkate kabisa. Mwangalie."

"Mimi ni keki," Ruth alisema, akijipapasa nyonga. "Na mimi sijawahi wahesabu, so hiyo kumi na mbili nyinyi ndio mnajua. Naona tu nafasi iko hapa kwa mkeka. Mama, kuja ukae."

Fosiya alikaa, taratibu, mkono mmoja mgongoni. Mwalimu aliona anapoteza darasa, na mwalimu anayepoteza darasa hutafuta kanuni.

"Na mwezi?" aliuliza. "Kila mtu hapa ako na mwezi wake. Mwaka una miezi kumi na miwili, sikuiweka mimi. Fosiya tutampatia upi? Wa kumi na tatu?"

Hilo lilikuwa swali la haki.

"Kuna moja haitumiki," Fosiya alisema.

"Upi?"

"Disemba."

Wanawake walicheka kwa nguvu hata Nthenya akashika mlango. Mwalimu hakucheka. Damu ilimpanda masikioni. Huyu anajua, aliwaza, na ananichezea mbele ya watu.

Lakini Fosiya alikuwa akiendelea, kwa sauti ya chini, na kicheko kikawaisha mmoja mmoja. "Mtoto wangu atakuja Disemba. Nyinyi mtakuwa mmeenda. Sisi hatuendi, Haibe hafungi duka. Mamangu ako Wajir na mguu wake ni mbaya, na barabara ya huko mvua ikinyesha mnajua. Hapa sijui mtu. Nimefikiria tu, nikiwa wa Disemba, hata kama ni mtu mmoja amebaki hii Kitengela yote, atakuja anione."

Hakumtazama yeyote aliposema hivyo. Alikuwa akitazama uzi uliolegea kwenye mkeka.

"Disemba ni yangu," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, hata chai ya Disemba hatujui rangi yake," alisema Nthenya, akidhani bado ni mzaha.

"Ni yangu. Na mambo ya kuongeza watu hayaamuliwi hivi hivi. Tutaamua Januari."

Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa amezaa au ameona mtu akizaa. Ruth peke yake aligeuka akamtazama Mwalimu kwa mshangao wa kweli. "Mtoto atangojea Januari ya nani?" aliuliza. Mwalimu alianza kukusanya vikombe, ingawa haikuwa nyumba yake na vingine vilikuwa bado na chai.

Akirudi nyumbani alijiona mbaya, na alikuwa mbaya, tusimfichie. Alijitetea njia nzima: dazeni ni dazeni, kanuni ni kanuni. Alipofika getini alikuwa amejishinda kwa hoja zote na bado hana raha. Yule msichana hakuwa akimtishia. Alikuwa akiomba, tena alikuwa ameomba kwa adabu, bila kutaja maziwa wala kiberiti. Mwalimu alilijua hilo vizuri, na bado hakupiga simu.

Disemba ikafika kama kawaida yake. Nthenya alizima tanuri akaenda Machakos na watoto. Ruth alikwenda Bisil kwa mama yake. Mmoja mmoja wakaaga, na Mwalimu akaaga pia, na mito yake ya kochi ikaenda Athi River na kurudi. Malori ya mawe yakapungua barabarani, vumbi likatulia, mitaa ikawa kimya hata ukasikia kengele ya mbuzi wanaokula ua la jirani aliyesafiri. Mwalimu alivuta mapazia. Alikuwa amenunua maziwa ya kutosha mapema, kwa sababu mwaka huu aliapa hatakanyaga duka la Haibe.

Maziwa yale yakaganda. Joto la Disemba na umeme unaokatika ni kitu kimoja, na asubuhi ya Krismasi alifungua sufuria akakuta mabonge. Alizunguka maduka ya karibu, yote yamefungwa. Mwalimu anaweza kukosa nyama siku ya Krismasi, anaweza kukosa watu, lakini chai ya rangi siku hiyo aliona ni kujitukana. Akajitanda leso, akaelekea nyuma ya steji ya lori, akijiambia kwamba pengine atamkuta mume.

Alimkuta mume. Haibe alikuwa ameketi nje kwenye kreti la mkate, shati limefungwa vifungo kombo, macho mekundu. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye chumba cha nyuma ya duka.

"Unaunguza kitu," Mwalimu alisema kutoka ndani ya leso.

Haibe aliruka, akakimbilia ndani, akarudi na sufuria nyeusi. "Uji," alisema. "Imeungua tena. Maziwa, mama? Iko. Chukua tu hapo kwa friji." Kisha akaketi tena kwenye kreti. "Bibi yangu amezaa juzi. Msichana. Hospitali wametutoa jana wakasema ako sawa. Lakini hakuli. Analia halafu ananiambia hakuna shida. Mtoto akilia mimi naangalia mtoto, namwangalia yeye, sijui nishike nani."

"Hakuna mwanamke wa kukaa naye?"

"Mama yake barabara imemshinda. Kuna akina mama fulani hapa wako na kikundi, huwa wanakuja. Lakini hiyo ilijaa. Wako kumi na mbili."

Hakulisema kwa kinyongo. Alilisema tu, kama mtu anayekueleza kuwa gari limejaa na atapanda linalofuata. Mwalimu alichukua maziwa, akalipa, akaondoka.

Alifika hadi penye nguzo ya umeme. Hapo alisimama, maziwa mkononi, na neno lile likamrudia masikioni: ilijaa. Alikuwa amelipenda neno dazeni tangu akiwa msichana, kwa sababu lilikuwa kamili na halikuhitaji mtu, na sasa alisikia mtu akilitumia kama kufuli. Na kufuli hilo alilitia yeye. Kuingia mle ndani kulikuwa na maana moja tu: ikifika Januari wote watajua kwamba Mwalimu Maryanne hana kwao. Aliona uso wa Nthenya, aliona kicheko, akaona aibu ya miaka yote ikimwagwa kwenye mkeka. Aliogopa sana. Ndipo mtoto akalia kule ndani, kilio chembamba cha mtu ambaye bado hajui kulia vizuri, na Mwalimu akaivuta leso usoni ikaanguka mabegani.

Alimpita Haibe bila kuuliza, akasimama kwenye pazia.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Mwalimu."

Kisha sauti ya Fosiya, nyembamba kwa uchovu, ikamfungulia mlango wa kutokea: "Mwalimu? Umerudi mapema kutoka Bungoma?"

Angeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa umeshapikwa na kuwekwa mezani, angenyoosha mkono tu.

"Sikuenda Bungoma," alisema.

"Najua," Fosiya alisema. "Ingia."

Hapakuwa na mengine ya kusemwa, na kazi ilikuwa nyingi. Mwalimu alimtuma Haibe maji. Alipika uji mwepesi wa mtama, akatia maziwa yake yote, akakaa kitandani akimshikia Fosiya kikombe hadi kikaisha. Alimwosha mtoto, akamfunga, akamweka begani, na mtoto akacheua kwenye ile leso ya kujifichia. Fosiya aliliona hilo akacheka, halafu kicheko kikageuka machozi, na safari hii hakusema hakuna shida.

"Niambie lile neno lako," alisema baadaye, amelala chali. "Lile la Roma. Nthenya anasema linaleta usingizi."

Mwalimu aliguna, lakini akaanza, mtoto begani, miwani haina mkono wa kuivua. Akamweleza Warumi, akamweleza Wafaransa. Alipofika kwa Waingereza alikwama kidogo. "Na kitu cha ajabu," alisema, "wao wenyewe, pamoja na ukali wao wote wa kumi na mbili, wakisema dozens, huwa hawajahesabu. Wanamaanisha watu ni wengi tu." Alikuwa amefundisha hilo miaka mingi bila kulisikia. Alipogeuka, Fosiya alikuwa amelala fofofo.

Alasiri ile alijua hawezi peke yake. Magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika, nguo zilikuwa mlima, na mama wa siku mbili si wa kukaa naye saa moja ukaenda zako. Alikaa kwenye kreti la Haibe na simu yake kwa muda mrefu. Kisha akampigia Ruth, kwa sababu Bisil ni karibu, na kwa sababu Ruth ndiye aliyemtazama vile Oktoba.

"Mwalimu! Krismasi njema! Bungoma wanasemaje?"

"Fosiya amezaa. Niko naye. Hakuna mtu."

"Uko naye wapi? Ako Bungoma?"

"Niko Kitengela, Ruth."

"Umerudi lini?"

"Sijawahi kwenda."

Mbuzi walikuwa wakisikika upande wa pili. "Mwaka huu?" Ruth aliuliza.

"Miaka yote."

"Usiondoke hapo," Ruth alisema hatimaye. "Nakuja. Nataka nikugombeze nikikuangalia macho."

Alifika kesho yake na kibuyu cha maziwa, mafuta ya kondoo kwenye chupa ya soda, na nyama ya halali aliyoshukia Kajiado kununua kwa mtu anayemwamini. Alikuwa ameshawapigia wenzake wote, bila shaka, na Nthenya alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Machakos na mkate kwenye kikapu. Waliingia kwa Fosiya na kelele kama wako kwao. Walimpokonya Mwalimu mtoto, wakampokonya beseni, wakafua, wakachemsha supu, Ruth akamnywesha Fosiya mafuta akimwambia usiyanuse, meza. Haibe alifukuzwa akauze dukani kwake. Na mikono ilipotulia kidogo wakamgeukia Mwalimu, na hapo akajua siku yake imefika.

"Athi River!" Nthenya alisema. "Ulikuwa unashuka Athi River! Na vile nilikusaidia kubeba hiyo begi mwaka jana, ikiwa nyepesi, nikasema huyu Mwalimu hana nguo."

"Nilikuwa nimeweka mito."

"Mito!" Walilia kwa kucheka. Fosiya alishika tumbo akiwaomba waache, panauma.

"Leo ni tarehe ngapi?" Ruth aliuliza. "Si bado ni Disemba? Basi mwenye mwezi asimame. Mimi niko na njaa ya miaka."

Mwalimu alisimama. Alipika kwenye jiko la Fosiya kwa vyombo vya dukani kwa Haibe, akapika wali, akapika nyama ya Kajiado, akakata kachumbari. Alipopakua alisema bila kumtazama mtu, "Na hii Disemba kuanzia leo ni ya wawili. Yangu na ya Fosiya."

"Na kumi na mbili yako?" Nthenya aliuliza.

"Wewe kula."

Wakala. Nthenya alisema chumvi imezidi. Ruth alisema nyama imekuwa ngumu kwa sababu mpishi amekaa sana ndani ya mapazia. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na mlango, sahani magotini, akiwajibu mmoja mmoja, na alianza kuona kwamba aibu aliyoiogopa miaka yote ilikuwa hii tu, kelele za watu wanaokula chakula chake.

"Haya tuambie," Ruth alisema, mdomo bado unacheka. "Krismasi ya mwaka jana, sisi tukidhani unakula kuku huko Bungoma, wewe ulikula nini?"

"Wali na maharagwe."

"Na nani?"

Walikuwa wameshainua nyuso wakingoja jibu la kuchekesha, na Mwalimu alitafuta moja, kwa maana alikuwa nayo mengi. Alitafuta akakosa.

"Peke yangu," alisema.

Nthenya, ambaye hajawahi kukosa neno tangu darasani, alitazama sahani yake. Fosiya kitandani alimsogeza mtoto kifuani na kugeuza uso upande wa ukuta. Ruth aliweka sahani chini, akajifuta mkono, akasogea kwenye mkeka hadi nafasi ikapatikana kati yake na Nthenya, akaipiga kwa kiganja.

"Toka huko kwa mlango," alisema. "Kuja ukae hapa."

Mwalimu Maryanne aliinuka na sahani yake, magoti yakilia, akaenda akakaa katikati yao.